Ziwa Garda Husomwa kwa Upepo

Kila kiangazi simu huanza kulia. Jamaa wapo Milano kwa shughuli zao, au ni vijana wa Malindi wanaofanya kazi Ujerumani na wamepata likizo fupi, na ombi lao ni moja: "Kaka, tutembeze hilo Ziwa Garda." Nami huwauliza swali moja kabla ya kukubali: mtaweza kuamka alfajiri? Asiyeweza humshauri abaki Verona atazame mji, ambao nao ni mzuri. Ziwa hili lina saa zake, na anayefika adhuhuri hukuta sehemu bora ya siku imeshakwenda.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na kabla ya kuja kufanya kazi huku kaskazini mwa Italia nilikuwa mtembeza wageni. Magofu ya Gedi, mikoko ya Mida, na lile fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa ambalo Waitaliano wamelibandika jina la Sardegna Due, hizo ndizo zilizokuwa njia zangu. Waitaliano wamezoea kuja kwetu tangu kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kilipojengwa baharini karibu na Malindi katika miaka ya 1960, na Kiitaliano nilikiokota kwao humo humo ndani ya mashua. Wengi walitoka Brescia, Bergamo na Verona. Mchana kutwa waliisifu bahari yetu, na jioni wakikaa kula walianza kuhadithia ziwa lao.

Kazi ile ilinifunza jambo ambalo huku limenifaa hata kuliko lugha. Mahali pa maji hapatembelewi kwa kufuata orodha ya majengo. Hufuatwa maji yenyewe: yanajaa lini, yanapwa lini, upepo unatoka wapi na utageuka saa ngapi. Mgeni ukimpeleka Sardegna Due wakati maji yamejaa, umemwonyesha bahari tupu. Garda haina kujaa wala kupwa, lakini ina upepo, na anayeujua upepo wake amelijua ziwa.

Kwanza umbo lake, maana ndilo linaloeleza mengine yote. Garda ndilo ziwa kubwa kuliko yote Italia, lina kilomita za mraba kama 370 na urefu wa kilomita 52 hivi. Kwa mtu aliyeliona Ziwa Viktoria hizo ni hesabu ndogo sana. Lakini kina chake kinafika mita 346, zaidi ya mara nne ya kina cha Viktoria, kwa sababu bonde hili lilichimbwa na barafu nzito iliyoteremka kutoka milima ya Alpi zama za kale. Kusini ni pana, kingo zake ni za chini, na ukungu ukitanda huoni ng'ambo. Kaskazini linabanwa na majabali yanayosimama wima kutoka majini. Mto Sarca unaingia kule juu karibu na Torbole, na mto Mincio unatoka huku chini Peschiera, ukaenda Mantova na hatimaye kujiunga na mto Po. Mikoa mitatu inagawana pwani zake: Lombardia magharibi, Veneto mashariki, Trentino kaskazini. Ukiwa kwenye meli unaipita mipaka hiyo bila kujua.

Sasa upepo. Sisi wa pwani tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwaleta wafanyabiashara wa Arabuni na Ghuba. Kusi ikishika zamu, majahazi yakageuza omo kurudi kwao. Ukiuchukua mwaka huo mzima ukaukunja uwe siku moja, utakuwa umepata Ziwa Garda. Usiku wa manane hewa baridi huanza kuteremka kutoka milimani, ikashika njia ya kusini juu ya maji. Wenyeji huuita upepo huo Pelér. Huvuma mpaka kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha unakatika, na kwa muda ziwa hukaa bila hata kiwimbi. Jua likishaichoma miamba ya kaskazini, hewa ya kule hupanda juu, na hewa ya tambarare ya Po huvutwa kuja kujaza pengo. Huo ndio Ora, upepo wa kusini. Huanza mchana, ukakaza alasiri, ukalegea jua linapoelekea kuzama.

Kabla ya injini, maisha yote ya ziwa yalikaa juu ya zamu hizo mbili. Asubuhi mashua ziliteremka na Pelér zikiwa na malimau, mafuta ya zeituni, na karatasi kutoka viwanda vya bonde la Toscolano. Zilifika Desenzano, mji uliokuwa na soko kubwa la nafaka, na mchana zikasubiri Ora izirudishe kaskazini na magunia. Mtu wa Lamu au Pate akisimuliwa hivyo hahitaji maelezo zaidi. Hata leo, siku ya jua ambayo Ora haikuvuma, wazee wa Torbole hutazama juu na kuanza kufunga mashua zao vizuri, kwa kuwa hali ya hewa inageuka.

Kwa hiyo mimi huipanga siku ya wageni kwa kufuata zamu hizo. Asubuhi, wakati hewa imesafishwa na Pelér, ndio wakati wa kutazama mbali: milima, minara, ng'ambo ya pili. Saa za utulivu katikati ni za kuogelea na kupiga kasia. Alasiri ni ya kukaa kaskazini na kutazama matanga, au kupanda ubao wenye tanga kwa mwenye ubavu. Anayeyageuza haya hupata milima iliyofichwa na utusitusi wa joto, akaenda kuogelea wakati mawimbi yameshaamka, kisha akarudi kusema ziwa halikumpendeza.

Njia bora ya kufika ni treni. Ile ya Milano hadi Venezia husimama Desenzano na Peschiera, na kutoka stesheni unatembea mpaka gatini. Kuna tiketi za siku nzima zinazokuruhusu kupanda na kushuka utakavyo katika eneo ulilolilipia. Usitake kulimaliza ziwa kwa siku moja. Meli ya polepole kutoka Desenzano hadi Riva, ncha ya kaskazini, huchukua takriban saa nne, na kurudi ni vivyo hivyo. Chagua kusini au chagua kaskazini. Kama una gari, tumia kivuko cha magari kati ya Torri del Benaco na Toscolano-Maderno ukayaone maji badala ya kuzunguka nchi kavu. Barabara ya magharibi, Gardesana, iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ni kazi kubwa ya uhandisi, imetobolewa majabalini handaki baada ya handaki. Abiria hufurahi. Dereva haoni kitu, na Agosti foleni yake inakula siku yako yote.

Sirmione wote wanaijua, na kwa sababu hiyo nenda mapema sana au usiende. Ni rasi nyembamba inayoingia ziwani kama kilomita nne, na mlangoni pake wakuu wa Verona, akina Scaligeri, walijenga ngome yenye maji pande zote na bandari yake ndani ya kuta. Nimeona ngome nyingi. Hii, kwa jinsi walivyoifungia mashua zao ndani ya ukuta, bado hunisimamisha. Ncha ya rasi kuna magofu ya jumba la Kirumi yanayoitwa Grotte di Catullo. Jina linamtaja mshairi Catullus wa Verona, ingawa jumba lilijengwa baada ya kufa kwake. Mizeituni imeota kati ya kuta, na chini yake kuna miamba myeupe bapa ambayo maji hupita juu yake kidogo tu, watoto wakatembea humo bila hofu. Karibu na hapo maji ya moto ya kiberiti hutoka chini ya ziwa. Mzamiaji ndiye aliyeifikia chemchemi hiyo mwaka 1889, na tangu hapo maji yake huvutwa kwa mabomba hadi kwenye mabafu ya tiba. Ifikapo saa tano asubuhi vichochoro vya Sirmione havipitiki. Wakati huo mimi na wageni wangu huwa tumeshapanda meli.

Upande wa mashariki mji ninaoupenda ni Malcesine. Pana ngome juu ya jabali, na ngomeni kuna kisa ambacho mimi hukisimulia kila mara. Septemba 1786 Goethe, mwandishi mkubwa wa Ujerumani, aliondoka Torbole usiku kwa mashua ya wapiga makasia wawili akielekea kusini. Upepo ukageuka, ukawapinga, ikawabidi waingie Malcesine. Akaenda kukaa uani kwa ngome akachora mnara. Watu wakakusanyika. Malcesine ilikuwa ya Jamhuri ya Venezia na mpaka wa Austria haukuwa mbali, kwa hiyo mgeni anayechora ngome hakuweza kuwa mwingine ila jasusi. Mchoro ukachanwa. Aliyemwokoa alikuwa mwenyeji mmoja aliyewahi kufanya kazi Frankfurt, mji aliotoka Goethe. Mwenyeji huyo akaletwa, akamuuliza Goethe habari za familia za Kiitaliano zilizoishi kule, majibu yakamridhisha, naye akawaambia wenzake kwamba huyu ni mtu mwema, mwacheni. Kila ninapokisimulia humwona yule mwenyeji kuliko Goethe. Mtu aliyekwenda ugenini kutafuta riziki, akarudi, na siku moja ujuzi wake wa nchi ya watu ukamkinga mgeni mlangoni kwake. Ni wengi wetu tulioko huku tungependa kuwa na sifa hiyo.

Kutoka Malcesine kuna behewa linaloning'inia kwenye waya na kupanda mlima Baldo, kutoka usawa wa mji hadi karibu mita 1,760. Sehemu ya juu kibanda chake huzunguka taratibu, kila abiria akaona pande zote. Chukua sweta hata Julai, na fika kabla foleni haijaanza. Wataalamu wa mimea tangu karne nyingi wameuita mlima huo bustani ya Ulaya kwa wingi wa maua yake. Wapo wanaoruka na miavuli kutoka kule juu, na wanaoteremka kwa baiskeli. Mimi huwakalisha wageni majanini kama saa sita hivi na kuwaambia watazame maji. Kwa juu kule Ora inaonekana ikiingia: ukanda wa buluu iliyokolea unaanzia kusini, unasogea, unapita mji baada ya mji, na matanga yanafunguka nyuma yake. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kumfunza mtu upepo namna ile.

Ng'ambo, karibu uso kwa uso na Malcesine, ni Limone. Huko huwapeleka hasa watu wa kwetu.

Mpaka ile barabara ya magharibi ilipokamilika, Limone ulifikika kwa mashua tu, au kwa miguu kupitia milimani. Riziki yake ilikuwa malimau. Kulima malimau karibu na theluji ya Alpi ni kazi ya ukaidi: walijenga matuta ya mawe mlimani, wakasimamisha nguzo ndefu, na kila majira ya baridi wakafunika bustani nzima kwa mbao na vioo, usiku wa baridi kali wakawasha moto ndani kulinda miti. Kilimo hicho kilianguka kwa mambo yaliyofuatana. Ugonjwa wa miti ulikuja katikati ya karne ya 19, Italia ilipoungana mwaka 1861 malimau ya Sicilia yakaja kwa bei nafuu, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikachukua mbao na vioo. Nguzo bado zimesimama juu ya mji, safu kwa safu, na bustani moja, Castèl, imefufuliwa ili watu waone jinsi kazi ilivyokuwa.

Katika bustani ya namna hiyo, mahali paitwapo Tesöl, ndipo alipozaliwa Daniele Comboni tarehe 15 Machi 1831. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa mwenye mali. Nyumba yao ilizaa watoto wanane, akabaki yeye peke yake. Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Verona, katika shule ya padri aliyewasomesha watoto wa maskini wenye akili. Mwaka 1857 akaondoka kwenda Sudan. Wenzake walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine, naye akarudi Italia mgonjwa, na mwaka 1864 akaandika mpango uliosema kwamba Afrika itainuliwa na Waafrika wenyewe, wakisomeshwa wawe mapadri, walimu na mafundi. Baadaye akawa askofu wa Afrika ya Kati. Alifia Khartoum tarehe 10 Oktoba 1881, akiwa na miaka 50. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2003.

Mimi si Mkatoliki. Lakini shirika alilolianzisha lilifika Uganda mwaka 1910, na yeyote aliyeishi kaskazini mwa nchi ile, au mitaa kama Kariobangi na Korogocho kule Nairobi, anawajua Wakomboni. Kiangazi kimoja nilimpeleka Tesöl dada mmoja wa Gulu anayehudumia wazee Verona. Alizaliwa hospitali ya Lacor, ambayo Wakomboni waliianzisha mwaka 1959, na ambayo daktari Mwitaliano Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale wa Kanada waliikuza kuanzia mwaka 1961 na hawakuiacha hata vita vilipowazunguka. Njia ya kwenda Tesöl inapanda, jua lilikuwa kali, na alikataa tupumzike. Tulipofika alisimama chini ya nguzo za malimau akageuka kulitazama ziwa lote chini yake.

"Kaka," akaniambia, "mtu anatokaje mahali kama hapa akaenda kufia Khartoum?"

Nikamwambia nilivyoelewa mimi: kwamba uzuri tunaouona sisi, mtoto wa mtunza bustani aliuona kwa mgongo ulioinama, na malimau hayakuwa yao.

"Hata hivyo," akasema, "angeweza kuishia Verona."

Nilinyamaza, maana ni kweli. Aliingia ndani akakaa muda mrefu. Mwanamume mzee anayetunza mahali pale alipojua dada ametoka Gulu alimshika mikono yote miwili, wakaanza kuulizana habari za watu na vijiji, kwa Kiitaliano chake yeye na maneno machache ya Kiacholi ya mzee. Meli tuliyoikusudia ilituacha, tukasubiri nyingine, na siku ile sikujali ratiba.

Limone una mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Milano waligundua protini ya damu iliyorithiwa katika familia za mji huu, inayohusishwa na kinga dhidi ya kuziba kwa mishipa ya moyo. Na tangu 2018 kuna njia ya baiskeli na miguu iliyoning'inizwa pembeni ya jabali, maji yakiwa chini ya miguu yako. Ipite asubuhi, kabla jua halijapiga ukuta.

Sehemu moja ya pwani hii siwezi kuipita kama mtalii tu. Ni kipande cha kutoka Salò hadi Gargnano. Mussolini, dikteta wa Italia aliyeivamia Ethiopia mwaka 1935, alirudishwa madarakani na Wajerumani mwaka 1943 na serikali yake ikapangiwa makao hapa Salò na miji jirani, mpaka ilipoanguka Aprili 1945. Jumba alilokaa Gargnano leo ni hoteli ya kifahari. Mwaka 1940 ndege za utawala wake zilidondosha mabomu Malindi. Kwetu hilo si jambo la vitabuni, ni masimulizi ya majumbani. Kwa hiyo nikipita na wageni kwenye ufuko wa Salò, wenye miti na mikahawa, huwaeleza kisa hicho kwa ukamilifu, hata kama wamekuja kula aiskrimu. Gardone, hapo hapo jirani, kuna Vittoriale, makazi ya mshairi Gabriele D'Annunzio aliyefariki mwaka 1938, ambako omo la meli ya kivita Puglia limejengewa mlimani kati ya miti. Bustani zake zina mandhari ya kuvutia sana. Lakini lile jumba ni sifa ya vita kuanzia mlangoni hadi kaburini, na mgeni ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kukata tiketi.

Alasiri, kama nguvu zipo, tunamalizia Riva na Torbole. Boti za injini za watu binafsi zimepigwa marufuku katika sehemu ya Trentino, hivyo ukiacha meli za abiria unasikia matanga tu. Ora inapokaza, mamia ya mbao na mashua hukatiza kutoka ukuta mmoja wa milima hadi mwingine. Shule za tanga zipo nyingi. Kwa anayejifunza, mwalimu atachagua saa upepo ni mwepesi, na amsikilize. Kijana mmoja wa Watamu, fundi wa kuteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara kule kwetu, alitaka kuingia moja kwa moja. Mwalimu akamkalisha ufukweni kwanza akamwonyesha jinsi upepo unavyogonga jabali la Ponale ukarudi umepinda. Baharini kwetu hakuna ukuta wa kuurudisha upepo. Alielewa mara moja, na alipoingia aliimudu.

Torbole ndipo pia meli zilipoteremka kutoka mlimani. Mwaka 1439 Venezia ilikuwa vitani na Milano, na Brescia ilikuwa imezingirwa. Venezia ilihitaji meli za kivita ziwani, lakini Mincio, mto utokao ziwani, ulikuwa njia iliyofungwa na adui. Wakazipandisha meli kwa mto Adige, kisha wakazitoa majini, wakaziburuta kwa maksai na kwa mikono ya watu juu ya mlima, wakaziteremsha upande wa pili mpaka ufuoni. Wenyeji husimulia kwamba wakati wa kuteremka walitweka matanga ili Ora izisukume meli nyuma zisiporomoke. Nahodha wa Lamu angelitikisa kichwa kwanza, kisha angeanza kupima pembe ya mteremko na ukubwa wa tanga.

Neno la kuogelea, hasa kwa vijana wa pwani wanaojiamini. Maji ya chumvi hukubeba. Maji matamu hayakubebi vile. Kaskazini ufuo hudondoka ghafla, hatua chache tu huna chini, na chini ya tabaka la juu lililopashwa na jua maji ni baridi ya kukaza misuli. Ogelea kusini, karibu na ukingo, saa za utulivu, na ukipanda mashua ndogo vaa jaketi la kuelea hata kama wenyeji hawakuvaa. Ufuo ni wa kokoto, viatu vya majini vinahitajika. Na Ora ikianza, toka.

Chakula hakinitatizi: samaki aitwaye lavarello wa kuchoma, sardini wa ziwani, na mafuta ya zeituni ya papo hapo. Yupo samaki mwingine, carpione, anayepatikana Garda peke yake duniani, naye amekuwa adimu kiasi kwamba akitajwa kwenye orodha ya chakula mimi simwagizi.

Majira yangu ni Mei, Juni mwanzoni na Septemba. Agosti miji hujaa mpaka barabarani, na kuanzia Novemba hoteli nyingi hufungwa na meli hupungua sana. Kama una siku moja tu na unatoka Verona, shuka treni Peschiera, panda meli ya kwanza hadi Sirmione, ondoka kabla ya saa tano, shuka Bardolino au Lazise ule chini ya kivuli. Meli ya mwisho ya kurudi huondoka mapema kuliko watu wanavyodhani. Soma saa yake gatini kabla ya kuagiza chakula.